Rubi ya Winza chini ya taa nyeupe

Rubi za Winza, wilayani Mpwapwa, Tanzania, zilianza kuvuma katika soko la vito duniani mwaka 2008. Baadhi yake zina tabia ya kutatanisha: punje moja huwa nyekundu upande huu, na upande wa pili ikaingia ubuluu. Bei ya jiwe la namna hiyo iko machoni, na macho hutegemea taa.

Taa nyeupe ya LED haizai weupe moja kwa moja. Ndani yake mna chipu ya buluu, ya nanomita 450 hivi, iliyofunikwa kwa unga wa njano. Buluu kiasi hupenya; iliyobaki unga huigeuza kuwa kijani, njano na chungwa, na mchanganyiko huo jicho huusoma kuwa mweupe. Unga unaotumika zaidi ni ganeti ya maabara, jamii moja na ganeti zilizomo kwenye miamba ileile inayotoa rubi za Winza. Udhaifu wake ni kwamba mwanga hufifia sana ukikaribia nanomita 650, penye wekundu hasa.

Kromiamu iliyo ndani ya rubi humeza urujuani na njano-kijani, ikaachia nyekundu na buluu kidogo. Juani nyekundu ni tele. Chini ya balbu ya LED ya bei nafuu ni haba, huku buluu imezidi, hivyo jiwe lilelile huvuta kuelekea zambarau. Rubi nyingi za Mogok, Myanmar, huokolewa na kromiamu, inayozifanya zitoe mwanga wake zenyewe kwenye nanomita 694. Za Winza zina chuma kingi zaidi, na chuma huufifisha mwanga huo.

Ubongo haushtuki, maana huizoea taa: karatasi nyeupe hubaki nyeupe. Hata maandishi ya boksi la balbu hayatoshi. Ra 80, alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi, ni wastani wa alama za rangi nane zilizopauka. Nyekundu iliyokolea, iitwayo R9, haimo. Taa yaweza kuwa na Ra 80 na R9 ikawa karibu na sifuri.

Mchimbaji mdogo anayekubali bei usiku kwa tochi ya simu anajipunja. Masoko ya madini, yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, yaweke mezani taa zenye R9 isiyopungua 90, na muuzaji awe na haki ya kutoka na jiwe lake nje, asubuhi, kabla ya kutaja bei.