Sauti ya Majonzi katika Al-Inkishafi

Wengi walioandika juu ya Al-Inkishafi wameisifu kwa mawaidha yake, na wengine kwa picha za majumba ya Pate yaliyoanguka. Sifa hizo ni za haki, lakini hazitoshi kueleza huzuni inayomshika msikilizaji. Mawaidha hayo hayo ya kuikinai dunia yamo katika hotuba nyingi zisizomliza mtu ye yote. Sharti sababu itafutwe kwingine, na pa kuitafutia ni katika sauti.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga ubeti wake kwa mistari minne, kila mmoja mizani kumi, na pumziko baada ya mizani ya sita. Kwa hiyo kipande cha kwanza ni kirefu na cha pili ni kifupi; sauti hupewa nafasi, kisha hukatwa kabla sikio halijashiba. Utenzi wa kawaida wa mizani nane hukimbia, ndiyo maana ukawafaa watungaji wa habari za vita. Huu haukimbii. Mghani akitaka kuuharakisha, lile pumziko humrudisha nyuma.

Mistari mitatu ya kwanza hubadili kina chake kutoka ubeti hata ubeti, lakini wa nne huishia kwa -ye. Mhakiki wa haraka ataona hapa pambo tu, au wepesi wa mtungaji aliyechagua kina kisichomtaabisha. Na aangalie sarufi ya Kiamu. Katika lahaja hiyo kitenzi cha jambo lililokwisha kutimia huishia -iye. Na kiulizi ambacho Unguja ni -je, Lamu ni -ye. Basi sauti ile moja yaweza kubeba mambo mawili: yaliyokwisha, na swali lisilo na mjibu. Si kila ubeti unaotumia maana hizo, wala haihitajiki. Sikio likishaizoea sauti, huchukua maana ya ubeti mmoja na kuipeleka katika mwingine, hata mahali ambapo -ye ni silabi tu ya neno la kawaida.

Jambo hili lapata nguvu zaidi katika beti za majumba. Mshairi hatosheki kuonyesha kuta zilizobomoka, anayasikilizisha. Kumbi zilizokuwa zikivuma kwa watu sasa zavuma kwa wadudu, na bundi analia ndani ya nyumba. Uharibifu wa Pate wasimuliwa kama sauti moja iliyoondoka na nyingine iliyoingia mahali pake. Ukimya mtupu ungekuwa na faraja fulani. Mlio wa nyenje katika ukumbi wa wakubwa hauna.

Hapo ndipo ilipo hatari kwa wanaohariri tenzi za kale. Hati za Kiarabu zilizotumika zamani hazitengi e na i, wala o na u. Kasra moja yafanya kazi mbili. Kwa hati hizo -ye na -yi huandikwa sawasawa. Kilichokitunza kina hiki ni ulimi wa waghani na masikio ya wanakili, kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alikuwa mshairi na mwimbaji kabla ya kuwa mwandishi wa nakala za wataalamu wa Ulaya. William Hichens, aliyeutoa utenzi huu London mwaka 1939, aliwategemea watu wa namna hiyo.

Mhariri wa leo anayehesabu mizani kwa kidole na kulinganisha nakala kwa jicho anafanya kazi ya lazima, lakini ni nusu ya kazi. Akilisawazisha -ye kuwa -je ili msomaji wa Kiswahili sanifu asikwame, maana ya neno itabaki, na kina kitakuwa kimekufa. Akiuchapa mstari bila nafasi baada ya mizani ya sita, msomaji asiyepata kuusikia utenzi hatajua mahali pa kuvuta pumzi, naye atausoma mbio kama habari ya gazeti. Afadhali neno gumu lielezwe chini ya ukurasa, na nafasi ile iachwe wazi.