Fataki, pupu na bunduki za watoto: tukusanye nini, na namna gani?

Mtu akifika kijijini na kusema anakusanya vitu vya mila, tunajua mapema atakachoomba: sanamu, kinyago, ngoma, kiti cha mfumu, labda mkuki. Kitu cha kuchezea cha mtoto hakiombi. Na kama mtoto ametengeneza bunduki ya mti, hapo hata wakubwa wa nyumba wanageuza uso: "Tupa ile, inaita vita." Sisi tunaona hapo pana jambo la kuhakiki. Hatutaki kuhakiki watoto, wala wazazi. Tunataka kuhakiki ile kazi yenyewe ya kukusanya: nani anachagua, anapima kwa kipimo gani, na kitu kinapoteza nini kikishafungiwa ndani ya kabati.

Tuanze mbali kidogo, kwani kuna watu ambao kwao kukusanya bunduki za kuchezea kumekuwa karibu dini. Huko Marekani, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865), viwanda vya vyuma vilianza kumimina bastola ndogo za watoto. Kimoja kilichojulikana sana ni J. & E. Stevens, cha mji wa Cromwell, jimbo la Connecticut. Mtoto anavuta kitufe, nyundo ndogo inaanguka juu ya kipande cha karatasi chenye doa la baruti: pa! Moshi kidogo, harufu ya kiberiti, basi. Miaka ya 1940 na 1950 sinema na televisheni za wachunga ng'ombe zikaongeza moto. Mtoto alitaka bastola yenye jina la Roy Rogers, la Gene Autry au la Hopalong Cassidy. Kampuni ya Hubley ilitengeneza bastola za watoto Pennsylvania. Nichols, ya Texas, ilitoa ile yake ya Stallion 45 mwaka 1950. Wale watoto sasa ni wazee, na ndio wanaonunua tena kwa bei kubwa kile mama zao walichotupa jalalani. Tena kwa sheria yao ya mwaka 1988, bunduki ya kuchezea inayofanana na ya kweli lazima itiwe alama ya rangi ya machungwa mdomoni, na zile za zamani hazina hiyo alama. Mkusanyaji anazipenda zaidi.

Kipimo chao ni kipi? Kwanza sanduku lake la karatasi liwepo. Rangi iwe haijabanduka. Na juu ya yote, iwe haijapigwa hata mara moja. Yaani kitu cha kuchezea ambacho hakuna mtoto aliyekichezea ndicho chenye bei ya juu! Kwetu kitu cha namna hiyo ni bidhaa ya dukani tu, mchezo haujaanza. Lakini tuseme ukweli: watu hawa wanaandika vizuri. Watakuambia kiwanda, mwaka, madini (chuma cha kumimina kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mchanganyiko wa zinki baadaye), hata rangi ya mpini. Hiyo adabu ya kuandika, tungeichukua bila haya.

Sasa turudi kwenye neno. Kile kipande cha karatasi chenye baruti, Kiswahili kinakiita fataki. Na fataki ndilo jina lilelile la kile kikofia kidogo cha shaba kinachowasha bunduki ya kweli, ile ya kujazwa kwa mdomo. Lugha haikutenga cha mtoto na cha mwindaji. Bunduki ya kabla yake, ya jiwe la kugonga cheche, iliitwa gumegume. Huko pwani leo wanaume wasio na kazi ndio wanaitwa gumegume, na Watanzania wamelifanya fataki kuwa jina la mzee anayefukuzia wasichana wa shule. Maneno ya bunduki hayafi, yanatafuta kazi nyingine.

Bunduki hizo ziliingia kwetu pamoja na wafanyabiashara wa pembe. Livingstone alipofika Kabambare, Septemba 1869 (yeye aliandika "Bambarre"), aliwakuta na kutembea pamoja nao, na akakaa hapa hapa tangu Julai 1870 mpaka mwaka uliofuata, mwanzoni akiwa amefungiwa na vidonda vya miguu. Hamed bin Muhammed, aliyekuja kuifanya Kasongo kao lake kuanzia 1875, anaeleza katika maisha yake, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwamba jina la Tippu Tip alipewa juu ya mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni juu ya kupepesa macho. Sisi hatukati shauri, ila tunaona jambo hili: hata kama habari ya macho ndiyo ya kweli, watu waliona inafaa kumwita mtu mkubwa kwa mlio wa silaha.

Kisha wakubwa wa Ulaya wakakutana Brussels. Mkataba wao wa 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachiwa mlango ni gumegume isiyo na mifuo ndani na baruti ya kawaida ya biashara. Walisema ni kwa kuzuia biashara ya watumwa. Sawa. Lakini Force Publique ilikuja na Albini. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka huohuo, Kabambare Januari 1894. Tangu hapo bunduki ya kisasa ikawa ya serikali, na mwanakijiji akabaki na ya kujaza kwa mdomo. Ndiyo maana mafundi wetu wa chuma mpaka leo wanatengeneza pupu, na ndiyo maana pupu ina sura ya miaka mia na hamsini iliyopita. Wageni wanasema eti ni ujinga wa kutokuendelea. Ni sheria ya mtu mwingine iliyogandishwa ndani ya chuma.

Mtazameni fundi wa pupu. Bomba la chuma lililokuwa la maji au la gari. Mti kwa ajili ya kitako. Nyundo yenye kamba ya chuma ya kuirudisha. Na pale nyuma ya bomba, kichuchu kidogo ambapo fataki inakaa. Fataki ya dukani ikikosekana, mwindaji anatumia kiberiti. Sasa mtazameni mtoto wa miaka kumi na waya wa gurudumu la kinga. Ana kile kijipande kinachoshika waya kwenye gurudumu, ana msumari, ana kiberiti alichoiba jikoni. Anagonga kwenye jiwe: pa! Kuku wanaruka, mama anatoka na mwiko. Mtoto huyu hakuiga sura ya bunduki hata kidogo, kwani kitu chake kinafanana na ndoano kuliko silaha. Ameiga namna inavyofanya kazi. Bastola ya Texas inafanya kinyume: sura yake ni kamili, na mtoto hajui ndani mna nini. Tukilinganisha hizo mbili kama kazi za mikono, sisi tunampa mtoto wa waya nafasi ya kwanza, ingawa hakuna atakayelipa hata franka moja juu ya kitu chake.

Iko na ile ya mgomba. Unachukua mti wa katikati ya jani, unakata vilimi vitano sita mgongoni, unavisimamisha, halafu unapitisha mkono kwa nguvu: ta-ta-ta-ta-ta! Siku tatu inanyauka, na mtoto anakata nyingine. Na ile ya mwanzi, ya kusukuma karatasi iliyotafunwa kwa kijiti mpaka itoke na mlio. Wazee wanasema wao walipocheza vita kwa mdomo walisema "pu!", halafu wakakaa, kwani bunduki ya baba ilihitaji kujazwa tena, na mchezo ulifuata hesabu hiyo. Aliyepiga alipaswa kungoja. Adui akapata wakati wa kukimbia. Leo mtoto hangojei. Anasema "ta-ta-ta" mpaka pumzi imwishe, na waliokufa wanabishana kama wamekufa kweli. Ukitaka kujua ni lini Kalashnikov iliingia katika akili za vijiji vyetu, usitafute karatasi ofisini. Sikiliza watoto.

Mchezo huu haukuwa wa vijijini peke yake. Kinshasa ya miaka ya 1950, vijana walioshiba sinema za wachunga ng'ombe walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa skafu na kofia, wakagawana mitaa na kuzungumza lugha yao ya Hindubill. Sinema zilezile zilizouza bastola za Roy Rogers kule, huku zilizaa namna ya kutembea na ya kusema. Hapakuwa na kitu cha kuuza, kwa hiyo hakuna mkusanyaji aliyekikusanya.

Hapa ndipo tunaposhika lawama yetu. Jumba la Tervuren, lililozaliwa na maonyesho ya mwaka 1897, lina vitu vingi vya Kongo, na ukutani kwake kuna majina 1.508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Silaha zetu walizichukua kama ushindi, sanamu zetu kama sanaa. Cha mtoto hakikuwa ushindi wala sanaa. Tusiwaonee wote: Centner, aliyekuwa Katanga, alitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kitabu kizima juu ya mtoto wa Kiafrika na michezo yake, na kitabu hicho kinatufaa mpaka leo kwa sababu kinaeleza mchezo unavyochezwa, siyo kitu tu. Kinshasa nayo imepata jumba jipya la taifa mwaka 2019, na mwaka 2022 mfalme wa Wabelgiji alileta kinyago cha Kakuungu. Tulifurahi. Lakini mazungumzo yote ya kurudisha ni ya vinyago, siku zote vinyago. Hakuna atakayeturudishia bunduki ya mgomba. Tusipoiandika sisi, haiko popote.

Ndani ya chama chetu shauri hili halikuwa jepesi. Wako waliosema wazi: hatuwezi kuweka bunduki ya mtoto katika mkusanyo wa mila, hapa Kabambare, mahali palipoona mwaka 1964, palipoona 1996, palipoona miaka ile ya 1998 mpaka 2003, na Salamabila ambako milio haikunyamaza hata baada ya hapo. Walikumbusha kwamba kadogo wengi walianza mazoezi na fimbo au bunduki ya mti, na aliyekuwa akicheza jana aliitwa askari leo. Sheria ya nchi ya 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtoto jeshini au katika vikundi vyenye silaha. Lubanga wa Ituri alihukumiwa huko La Haye mwaka 2012 juu ya jambo hilohilo. Mama mmoja alisema maneno ambayo hakuna aliyeyajibu pale pale: "Nyiye munakusanya mchezo. Shiye tulikusanya batoto."

Sisi tunayachukua maneno hayo kwa uzito, na bado tunashikilia kwamba vitu hivi viandikwe. Kamanda hakumchukua mtoto kwa sababu mtoto alikuwa na mgomba mkononi. Alimchukua kwa sababu alikuwa mdogo, ana njaa, na hapakuwa na wa kumzuia. Kuvunja bunduki ya mgomba ni kazi rahisi inayotufanya tuone tumefanya kitu. Ila tunakubali nusu ya lawama: bunduki ya kuchezea ikiwekwa peke yake mezani, nzuri, imepanguswa vumbi, itasema uongo, kama zile za ndani ya masanduku yao Marekani. Kwa hiyo kila kitu tunachopokea kinaandikiwa nani alikifanya na akiwa na umri gani, mchezo ulikuwa na kanuni gani, nani aliruhusiwa kufa na nani alikataa, wasichana walikuwa na kazi gani (mara nyingi walikuwa hospitali, au mateka), na mchezo ulikoma mwaka gani katika kijiji hicho. Hilo la mwisho ndilo linalotufundisha mingi. Kuna vijiji ambako watoto waliacha kabisa kucheza vita wakati vita vilipokuwa mlangoni, wakaanza tena baadaye. Mkusanyaji wa masanduku hana safu ya kuandika jambo la namna hiyo.

Pupu yenyewe hatuipokei. Sheria ya 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi inataka kibali, na chama cha utamaduni si mahali pa kuficha silaha, hata iwe ya babu. Mwenye nayo ya ukoo akae na karatasi zake. Tutakuja kuichora na kuandika jina la fundi. Tumekwisha kuwa na michoro ya vichuchu vitatu, kila kimoja na nyundo ya namna yake, na ubavuni mwa kila kimoja tumechora kile kijipande cha waya wa kinga ambacho watoto wa kijiji hichohicho wanagonga. Za mgomba tunazitengeneza upya kila mara mtu akija kuziona, kwani hazikai. Anayekuja aje na kisu chake.