Iko Wapi Pua? Ngeli, Vitenzi na Ukimya katika Ufundishaji wa Viungo vya Mwili kwa Watoto Wadogo

Kabla mtoto wa Kiswahili hajafunguliwa kitabu chochote, amekwisha kuulizwa mara nyingi pua yake iko wapi. Swali huulizwa akiwa amepakatwa, au akiwa ndani ya beseni anaogeshwa, na jibu lake la kwanza si neno bali ni kidole. Chati za ukutani na vitabu vya picha vya elimu ya awali vinachukuliwa kuwa mwendelezo wa mchezo huo wa nyumbani. Makala haya yanadai kwamba sivyo. Kwa sehemu kubwa, maandishi hayo yamerithi umbo la kitabu cha Kiingereza na kubadili majina tu, na katika kubadili majina yakaacha nje kile hasa ambacho Kiswahili humfundisha mtoto kupitia mwili wake.

Inafaa kuanza na swali lenyewe, kwa kuwa mzazi hasemi jina tupu. Huuliza: iko wapi pua? Liko wapi sikio? Kiko wapi kichwa? Uko wapi mkono? Yako wapi macho? Viko wapi vidole? Ziko wapi nywele? Na mtoto, au mzazi kwa niaba yake, hujibu: hii hapa, hili hapa, hiki hapa, huu hapa, haya hapa, hivi hapa, hizi hapa. Kwa muda wa kumpaka mtoto mafuta, upatanisho wa ngeli karibu zote za msingi umekwisha kupita, kila mmoja ukiwa umefungwa kwenye kitu anachokigusa. Ngeli ya A-WA ndiyo inayokosekana, nayo ni ya mtoto mwenyewe, anayeulizwa yuko wapi pale anapofunikwa uso kwa khanga na kufunuliwa.

Hata hivyo, mwili si kitabu kamili cha sarufi. Mkono na ulimi vyote viwili huulizwa kwa "uko wapi", na wingi ndio ambao ungevitenganisha. Lakini mtu ana ulimi mmoja na uso mmoja; ndimi na nyuso hazipatikani katika mwili wa mtu mmoja. Kwa upande wa pili, nywele, kope na kucha humjia mtoto zikiwa nyingi, na ni nadra asikie unywele au ukope. Ngeli ya U-ZI humfikia, basi, ikiwa vipande viwili visivyoonyesha undugu wowote. Jicho na jino vina tatizo linalokaribiana na hilo: macho na meno ndiyo yanayotajwa kila siku, na umoja wake haupatikani kwa kuondoa silabi, kama ilivyo kwa masikio na sikio. Chati inayochora jicho moja lililokatwa kutoka usoni na kuliandikia "jicho" inaanza na umbo ambalo mtoto amelisikia kwa uchache zaidi.

Huenda ikasemwa kwamba mambo haya ni mazito kwa mtoto wa miaka miwili. Kazi za Katherine Demuth kuhusu Kisesotho zinaonyesha kinyume chake, kwamba watoto wa lugha ya Kibantu huumudu upatanisho mapema na kwa makosa machache. Kwa Kiswahili, utafiti wa Kamil Ud Deen kuhusu watoto wa Nairobi, uliochapishwa mwaka 2005, ulielekea zaidi kwenye viambishi vya kitenzi. Swali na jibu la viungo vya mwili ni uwanja uliobaki wazi kwa mtafiti mwenye subira na kinasasauti.

Pengo baina ya majina ya lugha mbili huonekana waziwazi katika wimbo wa Kiingereza unaompeleka mtoto kutoka kichwani hadi ncha za miguu, ambao shule nyingi za awali huuimba kwa tafsiri. Neno la mwisho katika asili ni la silabi moja. "Vidole vya miguu" haviingii katika mahadhi, hivyo hubaki "vidole" tu, na mtoto huinama kugusa miguu huku akitaja neno ambalo nyumbani alilionyesha mkononi. Kiswahili hakina upungufu hapa. Kimeugawa mwili kwa namna yake. Katika Atlasi ya Dunia ya Miundo ya Lugha, Cecil Brown alilinganisha lugha 617 na kukuta 228 zinazotumia neno moja kwa kile ambacho Kiingereza hukitenga mara mbili, kuanzia begani hadi kifundoni na kuanzia kifundoni hadi vidoleni. Mkono ni neno la namna hiyo. Anayetaka kubainisha ana kiganja, kitanga, kiwiko na kifundo, lakini chati yenye mishale miwili, mmoja ukisema "mkono" na mwingine ukisema "mkono" tena, inajibu swali ambalo Kiswahili hakikuliuliza. (Mtoto wa Mombasa anayemsikia bibi yake akisema kitwa na mato hana nafasi kabisa katika chati hizi.)

Kasoro kubwa zaidi imo katika sentensi. Vitabu hupenda muundo wa "Ninaosha uso wangu", kila kiungo kikifuatwa na kimilikishi. Mswahili hunawa uso, huosha vyombo. Mama humnawisha mtoto mikono, humchana nywele na humkata kucha, na katika miundo hii mwenye kiungo hutajwa ndani ya kitenzi, kwa kiambishi cha mtendwa. "Amemkata kucha" na "amekata kucha zake" si sentensi moja iliyovaa nguo mbili: katika ya kwanza mtoto ndiye aliyetendewa, katika ya pili ni kucha. Kitabu kinachomfunza mtoto kumiliki viungo vyake kimoja kimoja, mithili ya vitu vya dukani, kinamwondolea sarufi iliyokwisha kumtambua yeye kuwa ndiye mwenye mwili.

Kitenzi kimoja cha kundi hili kinastahili kutazamwa peke yake. Mtoto akitoka haja, hutawazwa. Kitenzi kinataja kazi na kunyamazia mahali, na chati nazo hunyamaza: mishale hushuka hadi kitovuni, ikaruka hadi mapajani. Tafsida ina heshima yake katika jamii za Waswahili, na hakuna sababu ya kuidharau. Lakini mahakama za rufani za Tanzania na Kenya zimelazimika kuamua uzito wa ushahidi wa watoto waliodhulumiwa ambao hawakuwa na la kusema ila kwamba walifanyiwa "tabia mbaya". Mahakama zimekubali kwamba semi za namna hiyo zinaweza kutosha, kutegemea mazingira ya kesi. Mzigo wa kufasiri, hata hivyo, umebebeshwa hakimu kwa sababu mzazi, mwalimu na mchapishaji waliukwepa.

Hoja kwamba majina yenyewe ni matusi haina nguvu kiisimu. Uume na uke ni nomino dhahania kwa asili, zilizoundwa kama utu na utoto, zenye maana ya hali ya kuwa mume na hali ya kuwa mke. Ni tafsida tayari, na ya zamani. Katika sarufi ya mchezo wa nyumbani zingeulizwa kwa "uko wapi", pamoja na mkono na ulimi, na mahali pa kuziuliza ni palepale kwenye beseni, mama akiwa anamtawaza.