Pongezi kwa Wachonga Fimbo za Puli
Mchezaji wa puli anapoinama mezani na mpira ukaingia shimoni, watu humshangilia yeye, wala hapana amkumbukaye fundi aliyeichonga fimbo yake. Na fundi huyo, baada ya kuikereza mbao ya mepo ya Marekani kidogo kidogo, na kuipumzisha kwa miezi ili isije ikapinda, huilaza fimbo juu ya kidole, akitafuta mahali itakapotulia sawasawa, ambapo aghalabu huwa kiasi cha sentimita 46 hadi 48 kutoka kitakoni; ikielemea mbele, huongeza uzito wa parafujo iliyofichwa kitakoni, na ikielemea nyuma, huupunguza kwa gramu chache tu. Kisha humtazama mteja asimamavyo, akausogeza mkono wake nyuma kidogo ya mahali hapo fimbo inapotulia, hata kigasha kishuke wima fimbo inapougusa mpira, na vidole viishike pasipo kuikaba.

Kazi hii haina makofi. Basi ewe msomaji, uonapo mpira umekwenda ulikokusudiwa, tambua kwamba nusu ya shabaha ile ilikwisha pimwa zamani katika karakana, juu ya kidole cha fundi.