“Ametangazwa Mshindi”: Uhakiki wa Lugha ya Uchambuzi wa Uchaguzi wa Marekani kwa Kipimo cha Msomaji wa Nsemulwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya waandishi wa siasa wa kujitegemea wanaofuatilia na kuchambua kwa Kiswahili uchaguzi wa rais wa Marekani. Hoja kuu ni kwamba istilahi za uchambuzi huo, hususani jimbo, wajumbe, kura za maoni na kitenzi kutangazwa, zimeazimwa kutoka siasa za nyumbani bila kuvuliwa maana zake za nyumbani. Msomaji wa Nsemulwa anachukuliwa kuwa kipimo. Makala yanaonesha kwamba tatizo si upungufu wa msamiati wa Kiswahili bali ni mazoea ya mchambuzi ya kumwachia msomaji kazi ya kufafanua.

1.0 Utangulizi

Nsemulwa ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Saa moja jioni ya siku ya uchaguzi, vituo vingi vya mashariki mwa Marekani vinapofungwa, Nsemulwa huwa ni saa tisa usiku. Mwaka 2008 ushindi wa Barack Obama ulijulikana huko saa moja asubuhi ya tarehe 5 Novemba, watu wakiwa njiani kwenda kazini na shuleni. Kwa hiyo habari ya uchaguzi huo humfikia msomaji wa Nsemulwa ikiwa imekwishatafsiriwa, ama na mtangazaji wa redio ama na mwandishi aliyekesha. Anachopokea ni Kiswahili cha tukio, wala si tukio lenyewe.

Hili lisingekuwa na uzito kama uchaguzi huo usingemhusu. Unamhusu. Februari 2008 Rais George W. Bush alikuja Tanzania na kutia saini, pamoja na Rais Jakaya Kikwete, mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia (MCC) wa dola za Marekani milioni 698. Miongoni mwa miradi yake ilikuwa barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, katika Mkoa wa Rukwa ambao Mpanda ilikuwa sehemu yake hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012. Machi 2016 bodi ya shirika hilohilo ilisitisha ushirikiano wake na Tanzania, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump aliamuru misaada ya nje isimame kwa siku 90 ipitiwe upya. Mtu anayeguswa na maamuzi ya namna hii ana haki ya kuelezwa sawasawa jinsi wanaoyafanya wanavyopatikana.

2.0 Lugha ya Ukoo

Uchambuzi wa mwaka 2008 ulitawaliwa na msamiati wa ukoo. Obama aliitwa mtoto wetu, kijana wetu, mjukuu wa Kogelo. Na nchini Kenya Rais Mwai Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko. Msamiati huo haustahili kubezwa. Sarah Obama hakuwa mzazi wa baba yake Obama, bali mke mwingine wa babu yake. Waandishi wa Kiingereza walilazimika kuongeza neno la kumtenga. Kiswahili kilimwita bibi na kutosheka, na kilikuwa sahihi, kwa sababu mke wa babu ni bibi. Hapa lugha ilieleza uhusiano kwa usahihi zaidi kuliko chanzo chake.

Kasoro ilianzia pale ukoo ulipochukua nafasi ya hoja. Mtoto wetu hahojiwi sera zake, huombewa. Katika simulizi ya aina hiyo John McCain hakuwa mpinzani mwenye msimamo kuhusu kodi au vita vya Iraki, bali mgeni aliyesimama mlangoni pa harusi. Msomaji aliyefundishwa kumsubiri ndugu hakuandaliwa kumpokea rais wa nchi nyingine, mwenye kuwajibika kwa wapigakura wa Ohio na si wa Siaya.

3.0 Jimbo na Wajumbe

Neno jimbo lina tabaka kadhaa za maana. Kwa msomaji wa Nsemulwa, jimbo kwanza ni jimbo la uchaguzi: Mpanda Mjini, Nsimbo, Kavuu. Ni mahali panapotoa mbunge mmoja. Akiwa Mkatoliki, jimbo ni pia Jimbo Katoliki la Mpanda. Akiwa mzee, huenda anakumbuka majimbo ya utawala wa kikoloni yaliyotangulia mikoa. Akivuka mpaka kwenda Kenya atakuta majimbo ni jina la mfumo wa serikali za mikoa uliobishaniwa wakati wa uhuru mwaka 1963. Maana hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na Marekani, lakini ndiyo iliyo mbali zaidi na Nsemulwa.

Sasa atazamwe msomaji huyo akiambiwa kwamba mgombea “ameshinda jimbo la Pennsylvania”. Kwa maana aliyonayo, kushinda jimbo ni kupata kiti kimoja. Haelezwi kwamba jimbo hilo lina serikali yake, mahakama zake na sheria zake za uchaguzi, wala kwamba uzito wake haulingani na wa jirani yake. Kisha anaambiwa kuwa mshindi amepata wajumbe wote wa jimbo. Mjumbe katika siasa za Tanzania ni mtu anayefahamika: mjumbe wa nyumba kumi, mjumbe wa mkutano mkuu wa chama, mjumbe anayepiga kura za ndani. Msemo kwamba wajumbe si watu, uliovuma Julai 2020 baada ya kura za maoni za CCM, ulimchora mtu mwenye hiari yake, anayeweza kuahidi usiku na kugeuka asubuhi. Wajumbe 538 wa Marekani si wa namna hiyo. Kwa kawaida wamefungwa na matokeo ya jimbo lao, na isipokuwa Maine na Nebraska, mwenye kura nyingi jimboni huwachukua wote.

Mkanganyiko huongezeka kwa kuwa neno hilohilo hutumika kwa watu wanaohudhuria mikutano mikuu ya vyama vya Marekani kuteua wagombea. Hivyo “wajumbe” wa Julai na “wajumbe” wa Novemba huonekana kuwa watu wale wale. Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura za wananchi karibu milioni 2.9 zaidi ya Trump, na Trump akapata kura za wajumbe 304 dhidi ya 227. Msomaji ambaye istilahi haikumfafanulia utaratibu huo anabakiwa na tafsiri moja tu: kura ziliibwa, au wajumbe walinunuliwa. Tafsiri hiyo haitokani na ujinga wake. Imetokana na neno alilopewa.

Tafsiri ya neno kwa neno, “chuo cha uchaguzi”, si tiba; humpeleka msomaji darasani. Unyambulishaji wa Kiswahili wenyewe una njia. Kutokana na kitenzi chagua hupatikana mchaguzi, na wachaguzi wa rais lingewatenga watu hawa 538 na wajumbe wa vyama. Pingamizi kwamba mchaguzi pia ni mtu mwenye kuchaguachagua halina nguvu, kwa kuwa neno tegemezi “wa rais” linaibana maana.

4.0 Kura za Maoni

Istilahi hii hubeba mizigo mitatu. Kwa umoja, kura ya maoni ni uamuzi wa wananchi juu ya jambo, kama ile ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 na kuahirishwa. Kwa wingi, ni uteuzi wa wagombea ndani ya chama. Kwa wingi pia, ni utafiti wa maoni ya watu. Sentensi “Clinton anaongoza kura za maoni”, iliyotungwa hapa kwa mfano wa nyingi za mwaka 2016, inaweza kusomwa Nsemulwa kuwa amekwishapigiwa kura. Anapokuja kushindwa, msomaji huona amenyang’anywa alichokuwa nacho, ilhali utafiti ni makadirio yenye kiwango cha makosa. Kenya imezoea kura za mchujo kwa uteuzi wa vyama. Utafiti wa maoni upo tayari kwa maana ya tatu. Maneno yapo, ila hayatumiwi kwa nidhamu.

Isidhaniwe kwamba kila istilahi ya nyumbani hupotosha. Mgombea mwenza inafaa kabisa. Mtanzania aliyeshuhudia kifo cha Rais John Magufuli tarehe 17 Machi 2021, na kuapishwa kwa Samia Suluhu Hassan siku mbili baadaye, hahitaji kufundishwa kwa nini jina la pili kwenye karatasi ya kura lina uzito. Istilahi hii imefaulu kwa sababu taasisi mbili zinalingana, na hicho ndicho kigezo kinachopaswa kutumika kwa nyingine zote.

5.0 Kitenzi Kisicho na Mtenda

Mwaka 2020 Watanzania walipiga kura 28 Oktoba na Wamarekani 3 Novemba, siku sita tu baadaye. Tarehe 7 Novemba sentensi “Biden ametangazwa mshindi” ilienea. Kisarufi haina dosari. Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda aachwe pale anapofahamika. Swali ni iwapo anafahamika. Nsemulwa alifahamika: mwaka ule ilikuwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Na kutangaza kwa Tume si kutoa habari tu. Ni kitendo kinachofunga shauri, maana Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwishatangazwa na Tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Kwa msomaji wa Kisumu kutangazwa ni hatua tu, kwani tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha ushindi uliokwishatangazwa.

Marekani haina tume ya taifa inayomtangaza rais. Waliomtangaza Biden siku ile walikuwa vyombo vya habari, kwa kukadiria. Wachaguzi wa rais walikutana 14 Desemba, na Bunge likahesabu kura zao Januari 2021. Mtenda aliyefichwa na -w- alikuwa muhimu kuliko mtendwa. Kwa kumficha, wachambuzi waliyafanya madai ya Trump mahakamani yaonekane ama ushujaa wa kuipinga Tume, ama wazimu wa kupinga kisichopingika. Hayakuwa yote mawili. Yalikuwa madai, na yalipaswa kupimwa kwa ushahidi, nazo mahakama zikayapima na kuyakataa karibu yote. Sentensi “vyombo vya habari vimekadiria kuwa Biden ameshinda” ni ndefu kidogo, lakini ni ya kweli.

6.0 Utetezi wa Fumbo

Yupo atakayetetea utata huu kwa hoja ya kifasihi: kwamba mwandishi anayesema jimbo, wajumbe na kutangazwa anazungumza Washington ili asikike Dodoma. Hoja hii ina uzito, hasa baada ya kanuni za mwaka 2018 kuwataka waandishi wa mtandaoni wawe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kusifu nchi ambayo aliyeshindwa anaweza kwenda mahakamani ni njia ya kuuliza kuhusu Ibara ya 41(7) bila kuitaja. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling’amua.

Hata hivyo fumbo lina tabaka mbili, na ya juu haina budi kuwa kweli ili ya chini isikike. Msomaji asiyeelewa kwamba Marekani haina tume ya taifa ya kumtangaza rais hawezi kuusikia ukosoaji wa tume iliyopo kwao. Anasikia mfano wa nchi inayofanana na yake, ila yenye kelele zaidi. Utata unaofuta tofauti kati ya tabaka mbili haufumbi kitu. Unafunika vyote viwili, Washington na Dodoma.

7.0 Hitimisho

Kiswahili kimewahi kulitatua tatizo la namna hii. Neno ikulu, lenye asili katika lugha za magharibi mwa Tanzania kama Kinyamwezi, ambako lilitaja makazi ya mtemi, lilichukuliwa, likaelezwa, likapewa rais wa jamhuri. Leo hakuna anayedhani kuwa ndani yake mna mtemi. Lilifaulu kwa kuwa kitu kipya kilitajwa pamoja na tofauti yake na cha zamani. Wachambuzi wa uchaguzi wa Marekani wanadaiwa kazi hiyohiyo: wachaguzi watengwe na wajumbe, utafiti utengwe na kura, na kila kutangazwa kuambatane na aliyetangaza. Msomaji wa Nsemulwa akipewa hayo, atajihukumia mwenyewe ni taasisi ipi ya kuiga na ipi ya kuacha.