Kobe, Mgeni na Ukiwa: Visiwa vya Galápagos katika Maandishi ya Darwin na Melville

Utangulizi

Habari za safari si utanzu mgeni kwa msomaji wa Kiswahili. Tangu Carl Velten alipochapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, msomaji huyo amemzoea msimulizi anayehesabu vituo, anayetaja vyakula na kueleza jinsi alivyopokewa na wenyeji. Utanzu huu huwaje basi pale mgeni anapofika mahali ambapo karibu wenyeji wote wa kumpokea ni wanyama? Makala haya yanalichunguza swali hilo katika maandishi mawili kuhusu Galápagos, visiwa vilivyo yapata kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuador: sura inayovihusu katika Journal of Researches ya Charles Darwin (1839, na toleo lililorekebishwa la 1845), na The Encantadas ya Herman Melville (1854).

Imekuwa desturi kuwatenga waandishi hawa wawili. Darwin huchukuliwa kuwa jicho baridi la sayansi. Melville huchukuliwa kuwa dhamiri inayoliona giza la ulimwengu. Inadaiwa hapa kwamba mgawanyo huo unapotosha. Kigezo kinachofaa ni namna kila msimulizi anavyoueleza mkono wake mwenyewe unapomgusa mnyama.

Mkono wa Msimulizi

Darwin alikuwa na umri wa miaka 26 meli ya Beagle ilipotia nanga visiwani humo Septemba 1835, na alikaa takribani wiki tano. Sura yake inaanza kwa taswira zisizovutia: mawe meusi ya volkano, vichaka vilivyokauka, na mashimo ya moto yanayomkumbusha viwanda vya chuma vya Uingereza. Punde, hata hivyo, maelezo yanageuka kuwa vitendo, na mtendaji ni msimulizi mwenyewe. Anamsukuma mwewe kutoka tawini kwa mtutu wa bunduki. Anapanda mgongoni mwa kobe na kushindwa kujisawazisha. Anamrusha mjusi wa baharini katika dimbwi lililoachwa na maji kupwa. Mjusi anarejea moja kwa moja pale alipo mtesi wake. Anamrusha tena na tena, na kila mara mjusi anarudi.

Ufafanuzi wa Darwin ni kwamba mjusi huyo hana adui nchi kavu ilhali baharini kuna papa. Kwa hiyo silika aliyoirithi inamwambia kwamba usalama uko ufukweni, hata kama ufukweni amesimama mtu. Msomaji makini ataona kinaya kilichomo. Mjusi anakimbilia hatari kwa sababu hatari hiyo bado haina jina katika silika yake. Msimulizi hasemi kwamba yeye ndiye hatari hiyo, lakini mpangilio wa vitendo unasema kwa niaba yake. Hali ni hiyo hiyo katika kisa cha mvulana aliyeketi kando ya kisima akiwa na fimbo, akiua njiwa na ndege wadogo wanaokuja kunywa maji, kwa ajili ya chakula chake. Darwin mwenyewe, akiwa nyanda za juu za kisiwa cha James, aliishi kwa nyama ya kobe, na haoni haja ya kulificha hilo.

Ndipo sura inapofikia onyo lake la mwisho: hofu ya binadamu haijengeki kwa ndege katika kizazi kimoja, na mnyama mla nyama akiletwa mahali papya huleta maangamizi kabla wenyeji hawajajifunza hila zake. Uzito wa onyo hili hautokani na takwimu peke yake, ingawa Darwin anataja habari alizosikia za meli moja kuchukua kobe hata 700. Unatokana na ukweli kwamba kurasa zilizotangulia zimemwonyesha mtoa onyo akiwa miongoni mwa wanaoonywa.

Udhaifu wa sura hii usifichwe. Kaimu gavana Nicholas Lawson alidai kwamba angeweza kumtambua kobe yeyote ametoka kisiwa gani. Darwin hakulizingatia jambo hilo mapema, na alikuwa amekwisha kuchanganya sehemu ya vielelezo vya visiwa viwili. Lakini hata kosa hili linasimuliwa wazi, na linakiri kwamba mkazi alijua kabla ya mtaalamu.

Laana kama Udhuru

Melville alifika Galápagos mwaka 1841 akiwa baharia katika meli ya wawindaji wa nyangumi. The Encantadas, yenye michoro kumi, ilitokea kwanza katika jarida la Putnam's chini ya jina la kubuni, Salvator R. Tarnmoor. Kujificha huko hakuishii kwenye jina. Mchoro wa kwanza unavisawiri visiwa kama marundo ya majivu yaliyolaaniwa, mahali pasipojua majira wala mabadiliko. Katika mchoro wa nne, orodha ya kejeli ya wakazi wa kisiwa cha Albemarle inawahesabu mijusi, nyoka na buibui kwa wingi wa kutisha. Wanadamu ni sifuri.

Fani hapa ni ya hali ya juu, ila ina gharama yake. Palipolaaniwa tangu awali hapana wa kuulizwa kwa nini pamekuwa tupu. Mchoro wa pili, unaowahusu kobe, unalidhihirisha jambo hili. Kobe watatu wanapandishwa melini. Usiku msimulizi anawasikia wakijikokota sitahani, wakivisukuma vizuizi badala ya kuvizunguka, naye anawaza juu ya imani ya mabaharia kwamba kobe ni maofisa waovu waliogeuzwa. Kisha anaketi na wenzake kula nyama na supu yao, na magamba yanafanywa vyombo vya mezani. Mlo huo unasimuliwa kwa ucheshi, nao unapita upesi. Tashihisi imemtwisha kobe dhambi za binadamu. Aliyemla anabaki bila ya dhambi.

Hunilla na Maana ya Ukiwa

Melville, hata hivyo, anajisahihisha mwenyewe katika mchoro wa nane. Hunilla, mwanamke wa Payta nchini Peru, analetwa kisiwani pamoja na mumewe na kaka yake ili kukusanya mafuta ya kobe. Nahodha Mfaransa aliyewaleta anaahidi kurudi, na harudi. Wanaume wawili wanazama mbele ya macho yake. Anabaki peke yake akikata alama za siku kwenye tete, mpaka anapoacha kuhesabu. Yapo mambo yaliyompata ambayo msimulizi anakataa kuyasimulia.

Kiswahili kinasaidia kuitambua tofauti iliyopo. Upweke ni hali ya kuwa peke yako. Ukiwa ni hali ya aliyeachwa. Michoro ya mwanzo inaeleza upweke na kuuita ukiwa, kana kwamba ni sifa ya mawe. Kisa cha Hunilla ndicho kinachoeleza ukiwa wenyewe, kwa kuwa hapa aliyeacha anajulikana: ni nahodha aliyevunja ahadi. Laana imepata mtendaji. Na Melville haendi mbali zaidi. Hunilla anayeliliwa na msomaji alikuja kuwachemsha kobe wapate kutoa mafuta, na huruma ya mchoro huo haiwafikii hao.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba lugha ya kawaida ya Darwin inabeba wajibu ambao lugha ya Melville, kwa utajiri wake wote wa taswira, inauahirisha hadi mchoro wa nane. Suala hili si la fani tu. Galápagos ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1959, na kobe wa mwisho aliyejulikana wa kisiwa cha Pinta alikufa Juni 2012. Kifo hicho hakikuletwa na laana. Kililetwa na meli zilizochukua kobe wakiwa hai, kwa sababu waliweza kukaa miezi bila chakula wala maji, na baadaye na mbuzi walioachwa kisiwani na watu. Mhakiki wa habari za safari anapokutana na mahali panapoitwa pa ukiwa, hana budi kuuliza ni nani aliyepaacha hivyo, na msimulizi alikula nini siku ile.