Muhogo mchungu: sumu na kimeng'enya chake

Anayetumbukiza muhogo mchungu chunguni mara tu baada ya kuumenya, akiamini moto utamaliza sumu, ameua mfanyakazi na kuiacha kazi.

Muhogo mzima haujajaa sianidi tupu. Una linamarini, yaani glukosi iliyofungamana na kipande chenye sianidi. Linamarini hukaa ndani ya vakuoli, mfuko wa maji ulio katikati ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kiko nje kwenye ukuta wa seli. Panya akiuma, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sumu humtokea mdomoni. Ni mtego, na mpishi ndiye anayepaswa kuutegua kabla ya mlaji.

Linamarini ni ngumu. Hata maji yanayochemka huyavumilia. Linamarasi haiishindi kwa nguvu, bali huifungulia njia rahisi. Ina kishimo ambamo glukosi huketi barabara, na ndani yake asidi mbili za glutamiki zinatazamana. Moja hukipa kifungo protoni ili kipande chenye sianidi kiachie. Nyingine huishikilia glukosi kwa kitambo kidogo, mpaka molekuli ya maji ije kuitoa. Kimeng'enya hubaki kama kilivyokuwa na kupokea linamarini nyingine. Kile kipande kilichoachiwa huvunjika chenyewe, hasa penye joto, na kutoa haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi na kupotelea hewani.

Linamarini huvumilia moto, lakini kimeng'enya hufa. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila mwandaaji ni moja: umezipasua seli ngapi kabla ya kuwasha moto? Anayekuna muhogo amezipasua nyingi. Anayeloweka au kuvundika huwaachia vijidudu wazilainishe, kazi ya siku kadhaa. Makopa yaliyoanikwa juani vipande vizima ndiyo njia dhaifu kuliko hizo: maji hukauka kabla linamarasi haijamaliza. Mwaka 1985, wilayani Tarime nchini Tanzania, ukame ulipowaacha watu na muhogo mchungu karibu peke yake, uliotayarishwa kwa haraka, ugonjwa wa konzo, unaoletwa na sumu hiyo, uliwapoozesha watu miguu. Mwili una kimeng'enya chake cha kuizima sianidi, rodanesi, lakini hicho kinadai salfa inayotokana na protini, na maharage na samaki ndivyo vilivyoadimika.

Kilichonivutia zaidi ni hila ya mwanasayansi Howard Bradbury wa Canberra. Aliona kwamba unga wa makopa bado una vyote viwili, linamarini iliyobaki na linamarasi iliyolala kwa kukosa maji. Basi unalowanishwa, unatandazwa usizidi unene wa sentimita 1, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya huamka na kumalizia kiporo chake, gesi inatoka, na ugali husongwa siku hiyohiyo.